Pigo Linaloachwa Wazi

Ngoma ilikuwa imelazwa ubavu karibu na moto wa mabua, ngozi yake imeelekea ndimi za moto, na mzee aliyekuwa akiipasha aliigonga kwa kidole kila baada ya muda, akitega sikio. "Bado," alisema, bila kumwambia mtu yeyote. Mvua ya usiku ilikuwa imelegeza ngozi, na ngoma iliyolegea haisemi, inanung'unika tu. Nyuma yake, ndani ya ukumbi wa saruji uliokodiwa kwa saa tatu, vijana kumi na mmoja walikuwa wakinyoosha viungo, pekupeku. Hakuna aliyemharakisha. Mazoezi yao hayaanzi saa inapofika. Yanaanza ngoma inapokaza.

Nilifika Songea siku moja kabla ya mazoezi hayo, tarehe 24 Februari. Basi lilitoka Njombe asubuhi ya ukungu, likapita kona za Lukumburu kwa gia nzito, likaacha Madaba na Gumbiro nyuma, na kote njiani mahindi yalisimama pande zote mbili za barabara, marefu kuliko mtu, yametoa ndevu. Ukiona milima ya Matogoro imejipanga upande wa mashariki, umefika. Huko juu ndiko mto Ruvuma unakoanzia safari ya kwenda Bahari ya Hindi, ukichora mpaka wetu na Msumbiji. Stendi ilikuwa na matope mekundu, mahindi ya kuchoma na makelele ya bodaboda. Mmoja wao alinipeleka Mahenge, kwenye Makumbusho ya Majimaji, kwa sababu nilitaka kuanzia kwa wenye mji.

Miji mingi hupewa jina la mto, la mlima au la mti. Songea imepewa jina la mtu, na mtu huyo alinyongwa hapa hapa. Vita vya Majimaji vilipoanza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, kwa watu waliochoshwa na kulimishwa pamba kwa nguvu, Ungoni, nchi ya Wangoni, ilikuwa mbali. Maji ya dawa ya Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe yalifika huku yakiletwa na Omari Kinjala, na Wangoni, waliokuwa na majeraha yao wenyewe kwa Wajerumani, waliyapokea. Risasi hazikugeuka maji kama walivyoahidiwa. Tarehe 27 Februari 1906, viongozi na wapiganaji wa Kingoni walinyongwa, Nkosi, yaani mfalme, Mputa Gama akiwa miongoni mwao. Baada ya kamba ikaja njaa, maana mashamba na maghala yalikuwa yamechomwa makusudi. Hesabu za waliokufa katika vita vyote pamoja na njaa yake zinaanzia watu 75,000 na kufika 300,000.

Kwenye uwanja wa makumbusho kuna sanamu za mashujaa, na kuna kaburi la halaiki walimolazwa watu 66. Nduna Songea Mbano, kiongozi ambaye mji una jina lake, ana kaburi lake peke yake. Mtoto wa shule aliyekuja na wenzake siku ile alilizunguka mara mbili, kisha akamuuliza mwalimu wake, "Madamu, kichwa kiko wapi?" Mwalimu alijibu kama wanavyojibu watu wazima wote wa Songea: inaaminika kichwa kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja mpaka hapa, akakutana na kizazi cha Songea Mbano, akaomba radhi, akaahidi kwamba watasaidia kukitafuta. Watoto walisikiliza, wakaandika kwenye madaftari. Yule aliyeuliza hakuandika. Aliendelea kuliangalia kaburi kana kwamba linaweza kumjibu lenyewe.

Nilikwenda na swali la mtoto yule mpaka ukumbini.

Kundi nililokuja kuliona si kubwa. Lina vijana wa mitaa ya Lizaboni, Bombambili na Mfaranyaki. Mmoja anaendesha bodaboda, wawili wanashona nguo, wengine wanauza nafaka sokoni au bado wako masomoni. Anayewaongoza ni dada aliyesomea sanaa Bagamoyo akarudi nyumbani. Wanatengeneza dansi ya kisasa ya jukwaani, mchezo wa dakika arobaini usio na maneno, kwa ajili ya juma la kumbukizi ya mashujaa wa Majimaji. Maneno "dansi ya kisasa" yamezoeleka midomoni mwao, lakini mitaani bado yanahitaji kuelezwa. Mama aliyeniuzia togwa nje ya ukumbi alinieleza kwa kifupi kuliko kitabu: "Ni ngoma, ila mtu anacheza anachokiwaza."

Ngoma ilipokaza, mzee aliingia nayo, akakaa kwenye kiti cha plastiki kilichokuwa kikimsubiri.

"Shikamoo babu," dada yule alimwamkia, akiwa amepiga goti kidogo.

"Marahaba, mjukuu wangu. Tuanzie wapi?"

"Pale wanapotembea."

Walitembea. Walikuja kwa mstari kutoka ukutani, polepole, mabega yamelegea, nyayo zikiburuzwa. Mzee alipiga kidogo, akaacha.

"Mnatembea mno," alisema. "Na mnakanyaga kama watu waliopotelewa na kitu. Lizombe hukanyagi hivyo. Lizombe unakanyaga kama mtu aliyefika kwake."

Dada alikaa kimya kwanza, kama anavyotakiwa mtu kabla ya kumjibu mkubwa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ni kweli babu. Lakini hawa wamepotelewa na kitu."

Nadhani kila mtu mle ndani alisikia mvua ikianza tena juu ya bati. Mzee aliitazama ngoma yake, akaitazama milango, akawatazama vijana wale mmoja mmoja. Alipoanza tena hakubadilisha mdundo. Alipiga lizombe ile ile, ngoma ya hapa Songea, nzito, ya kushuka kiunoni. Ila kila ulipofika mzunguko wa nne, pale ambapo pigo kubwa hushuka na kufunga, mkono wake ulipanda, ukasimama hewani, haukushuka. Vijana walijikwaa. Mmoja alicheka kwa aibu. Wakarudia. Safari ya tatu mwili wa kila mmoja ulikuwa umelijua shimo lile: walifika ukingoni mwake, wakasimama na goti moja limeinuliwa, wakavuka.

"Hapo," mzee alisema, "basi mimi sitapiga."

Mchezo ulizaliwa pale. Yaliyofuata mchana ule yalikuwa kazi: kuhesabu, kukosea, kufuta jasho, kunywa maji, kurudia.

Nimeona dansi ya kisasa katika kumbi za Dar es Salaam, na mara nyingi nimesikia watazamaji wakinong'ona kwamba ni kitu cha Wazungu. Naielewa hofu hiyo, lakini nadhani kwa kusini hii haina msingi. Wangoni wenyewe ni watu waliofika bado wakiendelea kuumbika. Mababu zao walivuka mto Zambezi mwaka 1835 chini ya kiongozi wao Zwangendaba, wakitokea kusini kabisa, wakapanda kaskazini mpaka Ufipa, na kizazi chao kikashuka tena hadi nchi hii. Njiani na hapa walipokea watu, wakatawala, wakaoa, na mwishowe lugha ya waliotawaliwa ndiyo iliyolea watoto. Kingoni cha Songea leo ni jirani zaidi wa lugha za hapa kuliko wa lugha ya mababu waliotoka kule. Lizombe nayo, ambayo Songea inajitambulisha nayo kiasi kwamba timu ya mpira ya Majimaji inaitwa Wanalizombe, inachezwa pia na Wamatengo, na ukiuliza ilianzia kwa nani utapata majibu mawili na ugomvi mdogo.

Tazama na mganda, ngoma ya wanaume wa pwani ya Ziwa Nyasa. Ukienda Liuli au Mbamba Bay utawaona wamevaa mashati meupe na kaptula nyeupe, soksi zimevutwa hadi magotini, wamesimama kwa safu zilizonyooka, na vibuyu vinavyovuma mdomoni badala ya tarumbeta. Ile ni kwata. Ni mwendo wa askari wa wakoloni, uliotazamwa na vijana wa wakati ule, ukachukuliwa, ukapunguzwa ukali, ukaongezewa maringo na kugeuzwa kuwa mali ya kijiji. Terence Ranger, mwanahistoria aliyeandika mwaka 1975 juu ya ngoma za beni, ambazo mganda ni ndugu yao, alionesha jinsi mtindo huo ulivyoenea Afrika Mashariki pamoja na askari, vibarua na wafanyabiashara. Leo mganda ni ngoma ya asili, na wazee wanaicheza kwa heshima yote. Siku ilipoanza ilikuwa dansi ya kisasa.

Kwa hiyo sioni taabu ngoma ikipokea kitu kipya. Taabu ninayoiona ni ngoma kupokonywa muda. Tulipopata Jamhuri, Desemba 1962, Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na katika hotuba yake alisikitika kwamba tunajua rumba na chachacha kuliko gombe sugu, kiduo na lelemama. Likaundwa Kundi la Taifa la Ngoma. Mwaka 1981 kikaja Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 tunakijua kama TaSUBa. Ngoma za mikoa yote zilifundishwa kwa watoto wa mikoa mingine, na hilo lilikuwa jambo jema la kujenga nchi. Lakini ngoma iliyokuwa ikichezwa usiku kucha ilikatwa ienee jukwaani, kisha ikakatwa tena ienee kwenye ratiba ya mapokezi. Nimewaona wachezaji wa lizombe, si hapa tu, wakisimama juani tangu asubuhi wakisubiri mgeni, wakapewa dakika saba, wakapewa soda, wakarudishwa nyumbani kwenye gari la mizigo. Hakuna aliyewadharau kwa makusudi. Ila ngoma ikiishi kwa dakika saba, inajifunza kusema mambo ya dakika saba tu.

Vijana hawa wanadai dakika arobaini. Naliona hilo kuwa dai kubwa kuliko mtindo wowote wa miondoko.

Hawako peke yao. Jijini Dar es Salaam shule ya MuDa Africa imekuwa ikilea wachezaji wa dansi ya kisasa. Magharibi ya kwetu, nchini Kongo, mtunzi wa dansi Faustin Linyekula aliihamishia Studios Kabako mjini Kisangani mwaka 2006, akatoka Kinshasa, akionesha kwamba mji ulio mbali na makao makuu unaweza kuwa mahali pa kutunga. Na vita hivi hivi vya Majimaji vimeshapanda jukwaani mara nyingi. Ebrahim Hussein alituandikia Kinjeketile mwaka 1969, na vizazi vya wanafunzi vimeuona ule mchezo au kuusoma. Mwaka 2016 kundi la Flinn Works la Berlin na Asedeva la Dar es Salaam, pamoja na jumba la maonesho la Kassel, walitengeneza Maji Maji Flava, mchezo na dansi ndani yake, uliowakalisha Watanzania na Wajerumani jukwaa moja mbele ya historia moja. Mcheza dansi Isack Peter Abeneko alikuwa miongoni mwa waliouunda. Ni vyema Kassel wamekumbushwa. Lakini kucheza Majimaji Songea ni kazi nyingine. Hapa mtazamaji aliyekaa safu ya pili anaweza kuwa kitukuu wa mtu unayemcheza.

Onesho lilikuwa jioni ya tarehe 26. Ukumbi ule ule, viti vya plastiki vya kukodi, taa mbili kali zilizofungwa kwenye nondo za dirisha. Waliokuja walikuwa wengi kuliko viti, na akina mama waliweka khanga chini wakakaa na watoto mapajani. Mbele kabisa waliketi wazee sita. Mpiga ngoma alikuwa amevaa koti la suti.

Walianza na maji. Msichana mmoja aliingia na kibuyu, akapita mbele ya wenzake waliopanga mstari, akawamiminia miguuni, si kichwani. Kisha wakacheza. Lizombe ilishuka viunoni mwao waziwazi, na ukumbi uliitambua mara moja: vigelegele, mluzi, bibi mmoja akasimama akajibu kwa kiuno chake pale alipo. Walizunguka, wakakatana, wakatawanyika, na kila nyayo iliyolowa iliacha alama juu ya saruji. Taa ilizifanya zing'ae. Kwa dakika chache sakafu nzima ilijaa nyayo, za kwenda na za kurudi, kama njia ya watu wengi. Halafu, kwa kuwa siku ilikuwa ya joto na saruji inanyonya, zikaanza kukauka. Ziliondoka moja moja, kisigino kwanza, vidole mwisho. Wachezaji walisimama wakizitazama zikiisha, nasi tukazitazama. Hakuna aliyetuambia kwamba hayo ndiyo yale maji. Hapakuwa na haja.

Sehemu ya pili aliingia kijana mrefu, yule wa bodaboda, amefunikwa kichwa chote na kaniki nyeusi iliyofungwa shingoni. Hakuona mbele. Alicheza lizombe peke yake, mwili mzima ukijua kila kitu: mabega, kiuno, goti, unyayo. Ulikuwa mwili wa mtu hodari, na juu ya shingo palikuwa na giza tu. Wenzake walimzunguka wakiwa wameinamisha vichwa, kila mmoja akimkinga asigonge ukuta, bila kumgusa. Na kila mzunguko wa nne mkono wa mzee ulipanda, pigo halikuja, na mwili ule usio na kichwa ukasimama mguu mmoja juu, ukitikisika kidogo.

Mara ya kwanza watu walidhani mpiga ngoma amekosea. Nilisikia "ah" ndogo. Mara ya pili walinyamaza. Mara ya tano au ya sita nilitambua kwamba ukumbi mzima unavuta pumzi pamoja kabla ya kimya kile na kuishusha baada yake. Miongoni mwa wazee sita wa mbele, mmoja alikuwa amevua kofia akaishika kifuani. Hakuivaa tena mpaka mwisho.

Mchezo ulipoisha hawakupiga makofi mara moja. Bibi aliyekuwa amejibu kwa kiuno mwanzoni ndiye aliyevunja kimya. Alikwenda mpaka kwa kijana, akamfungua kaniki yeye mwenyewe, akaikunja vizuri kama nguo iliyotoka kuanuliwa, akampa mkononi. Hapo ndipo vigelegele vilipopaa.

Kulikuwa na waliolalamika pia, na walistahili kusikilizwa. Baba mmoja aliniambia nje kwamba mashujaa hawachezwi hivyo, wanapewa heshima kwa gwaride na kwa mkuki. Nilimwelewa kesho yake, tarehe 27, nilipoona maua yakiwekwa Mahenge, silaha za jadi zikilazwa kwenye mnara, majina yakisomwa, na wazee wa Kingoni wakiwa wamevaa ngozi na kushika ngao. Kuna utulivu katika ibada ile ambao hakuna jukwaa linaloweza kuuleta. Nisingependa ipunguzwe hata hatua moja. Lakini ibada hutaja tulichonacho: majina, tarehe, kaburi. Dansi ya vijana wale ilitaja tusichonacho, na ilikitaja kwa njia pekee inayofaa, yaani kwa kukiachia nafasi yake. Mji unahitaji vyote viwili. Na vijana wale wanahitaji ukumbi wenye sakafu ya mbao isiyoumiza magoti, muda usiohesabiwa kwa soda, na mzee wa kuwaambia wanapokanyaga vibaya. Hicho cha mwisho tayari wanacho, na ndicho kinachoisha haraka kuliko vyote.

Nilimkuta mzee mchana ule kando ya uwanja, ngoma imefunikwa turubai dhidi ya manyunyu. Makundi ya lizombe yalikuwa yanapokezana, na vumbi la uwanja lilikuwa limegeuka tope jekundu miguuni mwao. Nilimwamkia, akanisogezea nafasi kwenye gogo.

"Babu," nikamwambia, "lile pigo unaloliacha. Kichwa kikipatikana kikarudishwa, itakuwaje?"

Hakufikiri sana. Inaonekana alishajiuliza.

"Nitalipiga," alisema. "Kwani ni langu? Ni lake." Akainua ncha ya turubai, akaigusa ngozi kwa kidole, akatega sikio. "Ila itabidi wajifunze upya wale watoto. Watakuwa wamezoea kuinua mguu na kusubiri."